Mzigo Wenye Lakiri

Siku ya pili ya msiba wa Bi Tausi nilikuwa nimesimama mlangoni kwake, Kilosa, alikohamia uzeeni kutoka Mikumi, nikipokea mizigo ya watu. Sikupangiwa na mtu. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi la kutoka Dar es Salaam, nikalia na waliokuwa wakilia, nikanawa uso, na nilipojitambua mikono yangu ilikuwa imeshamtua mwanamke mmoja kikapu cha mchele kabla hajamaliza kupiga hodi. Aliyenifundisha hivyo tulikuwa tumemzika jana yake, upande wa makaburi ambako honi ya treni husikika vizuri. Basi nikabaki palepale, napokea unga, kuni, sukari, madumu ya maji, napeleka ndani, narudi. Mchana ulikuwa umepoa baada ya mvua, njia ya kutoka stesheni inafuka mvuke, na katikati ya mvuke ule akatokea mzee mmoja mwenye kikapu begani. Uso sikuutambua. Nilichotambua ni lile bega la kushoto, alivyolishusha kidogo kana kwamba anasikiliza jambo lililoko chini. Akafika barazani, akasimama. Nikanyoosha mikono. Hakunipa kikapu. Akanitazama, akasema, "Mwajuma," nami nikasema, "Rajabu," tukabaki hivyo, yeye na mzigo wake, mimi na mikono yangu mitupu. Huenda ilikuwa kitambo kidogo tu, maana binti aliyekuwa akikatiza ua na kuku mkononi alikuwa bado hajafika jikoni, lakini kwangu ulipita mwaka mzima. Ndio mwaka ninaotaka kuusimulia.

Nilifikaje Mikumi na mimi ni wa nani, hayo nayaacha. Kila ukoo una habari zake na za kwetu zitawachosha. Nilikuwa na umri wa kuolewa, nilijua kupika na kusoma, na Bi Tausi alihitaji mtu wa kushika naye nyumba. Nyumba yake ya wageni ilikuwa pembeni mwa barabara kuu, vyumba vimezunguka ua, na kila chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, chandarua, mtungi wa maji na ndoano moja ya kutundikia nguo. Barabara ilikuwa bado mpya. Jua likipanda lami ilinuka, na malori ya kwenda Zambia yalipita yakiunguruma hata sahani zikagongana kabatini. Ndio wakati ambao watu walikuwa wakihamishwa kutoka milimani na mabondeni kuja kukaa barabarani, kijiji cha ujamaa kikipimwa kwa kamba, nyumba baada ya nyumba kwenye mstari, na kila mara kulikuwa na mtu amesimama mlangoni kwetu na godoro kichwani, anauliza kijiji kipya kinaanzia wapi. Asubuhi ukungu ulilala juu ya majani ya hifadhini, na ndani ya ukungu ule uliweza kuona twiga shingo tu, bila miguu, shingo zinakwenda taratibu zenyewe. Nikikumbuka sasa nashindwa kusema kama niliona au niliota. Nilisimama na kikombe cha uji wa ulezi, nikitazama mpaka uji unapoa, na Bi Tausi ananiita kutoka jikoni: "Mwajuma! Hao twiga wako hawalali hapa, wala hawalipi! Njoo huku!"

Alikuwa mwanamke mfupi, mzito, mwenye sauti ya kuvuka barabara, na alikuwa na jambo lake moja ambalo hakulibadilisha kwa yeyote. Mgeni akitokea, kabla ya kujua jina lake, kabla ya kujua kama atalala au anauliza njia tu, anamtua mzigo. Dereva na utingo wake, anawatua. Mama mwenye kifurushi na mtoto mgongoni, anamtua kifurushi na mtoto. "Mtu hawezi kuniamkia vizuri na mzigo begani," alikuwa akisema. Na mzigo ukishapita mlango wake ulikuwa wake yeye: haufunguliwi, hausogezwi, hauulizwi una nini, mpaka siku mwenyewe anapoondoka. Siku hiyo tunaubeba sisi, tunamsindikiza mgeni hadi barabarani, na ni pale tu tunapomrudishia mkononi. Si yeye aliyeibuni desturi hii. Kwetu watu wote wanapokeana na wanasindikizana. Ila wengine walifanya wakikumbuka, yeye alifanya bila kufikiri. Alishawahi kumtua bwana afya mkoba wake na kuufungia chumbani, na yule bwana akamaliza ukaguzi mzima bila kalamu. Nilimcheka sana siku ile, na bado nilijikuta nafanya vilevile.

Wale wageni walikuja masika yalipokolea. Lilikuwa lori refu la kijani lililojengewa nyumba mgongoni: madirisha yenye mapazia ya maua, mlango wenye ngazi, hata kibomba cha moshi. Liliingia uani likikoroma vibaya, likazimika karibu na mpera wetu, na halikuondoka hapo kwa miezi. Akashuka mzee wa Kizungu, mrefu, shingo nyekundu kwa jua, amekumbatia kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye turubai. Kamba ilikuwa imepita huku na huku, na juu ya fundo imeganda lakiri nyekundu yenye alama ya muhuri. "Polisi," alikuwa akisema, "polisi, tafadhali." Bi Tausi hakuwa na habari na polisi. Yeye aliona mzee, mvua, na mzigo. "Karibu baba, karibu, pole na safari," akamnyang'anya kile kitu kwa upole uleule aliowanyang'anyia wote, akanigeukia, akaniwekea mikononi. "Peleka ndani." Nikapeleka. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotegemea, na baridi yake niliisikia kupitia turubai. Nyuma yangu nilisikia viatu vya matope vikinifuata mbio, "Hapana mama, hapana, hapana!" Nilidhani anaona haya kusaidiwa, wageni wengi ndivyo walivyo. Nikakilaza chini ya kitanda cha Bi Tausi, nyuma ya gunia la mpunga, nikamletea mzee maji ya kunawa.

Ikabidi aitwe Koplo Petro wa kituo kidogo cha polisi pale Mikumi, kijana wa milimani aliyesoma shule ya misheni na aliyekuwa na kiu ya mtu wa kuzungumza naye Kiingereza. Alisikiliza maelezo ya yule mzee, ambaye jina lake lilikuwa Magnusi, kisha akaja kusimama mlangoni kwetu, kofia mkononi.

"Shikamoo Bi Tausi. Ulichokipokea ni bunduki."

"Marahaba. Basi nimepokea bunduki. Chai utakunywa?"

Alikunywa, na akatueleza. Wageni wale, mtu na mkewe, walitoka Zambia, wanapita kwetu kwenda Kenya na kuendelea mpaka kwao. Bunduki haivuki mpaka hivihivi kama sufuria. Pale Tunduma maofisa waliifunga, pamoja na risasi zake, wakaipiga lakiri, na haitafunguliwa mpaka Namanga, wakiwa wanatoka nchini. Kila wanapolala lazima waripoti polisi. Lakiri ikivunjwa kabla, hata kwa bahati mbaya, bunduki inachukuliwa, lori linakamatwa, na mzee anaingia ndani. "Ndani ya nini?" Bi Tausi akauliza. "Jela, mama." Kituo cha Koplo kilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao; ghala la silaha liko Kilosa, na alitaka kuipeleka huko kwa treni. Bi Tausi akasema mzigo ameshaupokea, utatoka siku mwenyewe anayotoka. Wakabishana hadi birika likakauka. Mwishowe Koplo akaingia na mzee kwenye ile nyumba ya lori, wakaongea kwa muda, na alipotoka alikuwa ameshika kiberiti, akakitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Nikajua amepewa zawadi ya kiberiti cha Ulaya. Akasema haya, mzigo ukae, ila chumba kifungwe na ufunguo usitoke nyumbani. Kesho yake alipanda treni ya Kilosa, na mimi sikujishughulisha kujua alikwenda kufanya nini.

Gia ya lori ilikuwa imevunjika na kipuri kiliagizwa mbali, kwa hiyo wakawa wenyeji. Mkewe, Bibi Karini, alinikaribisha ndani ya ile nyumba ya magurudumu, na sijaingia mahali pengine palipofanana na pale. Vikombe vilining'inia kwenye ndoano na kuyumba kidogo kila lori lilipopita barabarani. Vitanda vilikuwa vyembamba, kabati ziko chini ya vitanda, jiko liko kwenye kona, na kila kitu kilikuwa na mkanda wa kukizuia kisianguke. Alioka mkate pale ndani, harufu ikajaa uani mpaka madereva wakawa wanauliza. Sisi tulimpelekea maharage, kisamvu na mlenda, na mlenda ulimshinda. Ulimteleza kwenye kidole, akacheka mpaka akashika ubavu, Bi Tausi naye akacheka. Mvua ikinyesha tulikaa wanne mle ndani na chai isiyo na sukari, maana sukari ilikuwa imeadimika, tukizungumza Kiswahili chao cha kuokotaokota. Siku moja Bi Tausi akauliza kilichokuwa kikimkera: mbona wanabeba bunduki na hawawindi? Mzee Magnusi alitafuta maneno kwa muda mrefu. Ilikuwa ya baba yake, akasema. Miaka yote aliyofanya kazi migodini Zambia ilikuwa ukutani. Kuiuza anashindwa, kuiacha anashindwa. "Naelewa," Bi Tausi akasema, "mimi nina cherehani mbovu ya marehemu mume wangu, inanichubua miguu kila siku, na siitoi." Alasiri nyingine usingizi ulinichukua kwenye kitanda kile chembamba, mvua ikigonga bati juu yangu, na nikaota lori linatembea nami ndani, tumefika mpakani, na ofisa akanifunga kamba taratibu na kunidondoshea lakiri ya moto kifuani, na sikuumia. Niliamka nikiwa na furaha ambayo sikujua ya nini.

Labda ilikuwa ya Rajabu. Rajabu alikuwa mchumba wangu. Posa ilishapokewa, na harusi ilikuwa ifanyike baada ya mavuno. Kijiji kilimpa kazi ya kusimamia ulinzi wa shamba la ujamaa, shamba moja kubwa la mahindi lililoanzia nyuma ya nyumba za mwisho na kushuka hadi mtoni, na yeye alilipenda utadhani alilizaa. Alijenga dungu refu katikati, akakaa juu yake na debe la kupiga. Jioni alipita jikoni kwetu, bega moja chini, ananiletea hindi la kwanza kukomaa au hadithi ya nani amesinzia zamuni. Alikula akiwa amesimama. Nikimwambia akae anasema akikaa atalala. Nilimpenda, sina haja ya kulizungusha. Nilikuwa nikisikia debe lake kwa mbali ninapoosha vyombo, nami nagonga sufuria mara moja kumjibu, ingawa hakuweza kunisikia.

Tembo walianza kuja mahindi yalipotoa ndevu. Mwanzoni mmoja mmoja, kisha wengi. Wanakijiji walipiga madebe, walichoma pilipili na mavi ya ng'ombe, waliimba mpaka sauti zikakauka. Bwana nyama, ofisa wa wanyamapori, alikuwa mmoja kwa eneo kubwa, aliahidi kuja, lakini njia zilikuwa tope tupu. Na hapo ndipo watu walipoanza kuitaja bunduki ya Mzungu, kwanza kwa utani kisimani, baadaye bila utani. Mzee Magnusi mwenyewe hakuwepo wa kuulizwa: malaria ilimpiga vibaya, akapelekwa hospitali Morogoro, na mkewe akaenda kumuuguza. Kisha ukaja msiba Kilosa, na Bi Tausi akapanda treni. Aliniachia ufunguo wa chumba chake, akanitazama usoni, hakusema lolote kuhusu lililokuwa chini ya kitanda. Niliufunga kwenye ncha ya kanga.

Rajabu alikuja siku iliyofuata, baada ya alasiri, jua likiwa limetoka kidogo na ua wote unameremeta. Sefu, rafiki yake, alibaki nje ya uzio. Rajabu akaketi juu ya kinu. Nikajua kuna jambo, kwa kuwa alikaa.

"Bi Tausi amerudi?"

"Bado."

"Afadhali." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Wako mtoni, Mwajuma. Kundi zima. Wamesimama tu wanangoja jua lizame. Nipe ile bunduki."

"Bunduki ipi?"

"Usinifanye mtoto. Mikumi nzima inajua iko chini ya kitanda."

"Ile imepigwa lakiri, Rajabu. Ikivunjwa, yule mzee anafungwa. Yuko hospitali hajitambui, halafu akipona aende jela?"

"Tutaifunga tena. Sefu atayeyusha nta."

"Na muhuri wa serikali, Sefu anao?"

Kuku walikuwa wakidonoa punje miguuni pake. Nikamuuliza, "Nani ataipiga?"

"Mimi. Sefu aliwahi kubeba mizigo ya wawindaji, amenielekeza. Ukiwa mbali unamkasirisha tu. Unasogea karibu, karibu kabisa, ndipo unapiga. Nitasimama mbele mimi, wao nyuma yangu na madebe." Alisema bila kujitapa, kama mtu anayeeleza namna ya kuezeka paa. "Watu wameacha mashamba yao bondeni. Wamekuja kwa sababu waliambiwa waje. Hawana kingine cha kula. Yakienda haya, watanitazama mimi."

Mkono wangu ulikuwa umeshaushika ufunguo kupitia kitambaa. Nawaambia ukweli, ulikuwa umeshaushika. Nilifikiria watoto wa mstari wa mwisho wa nyumba, ambao nilijua majina yao. Nilifikiria ule uzito baridi nilioubeba mikononi siku ya mvua, na yule mzee akinifuata kwa viatu vya matope, na jinsi nilivyomletea maji akanawa, akashukuru, akaniachia.

"Siwezi," nikasema. "Nimeupokea."

"Umeupokea." Akasimama. "Na mimi je?"

Alitoka, na Sefu nje akasema neno ambalo sitaliandika, na Rajabu akamwambia anyamaze. Nilikwenda nikakaa juu ya kinu, mahali pake, pakiwa bado pana joto.

Asubuhi nilikwenda shambani na watu wengine. Mahindi yalikuwa yamelala chini upande mmoja, shamba zima, na kila unyayo wa tembo ulikuwa umejaa maji na ndani ya maji kuna anga na mawingu, madimbwi ya mviringo yakishuka mpaka mtoni. Palikuwa pazuri, na niliona aibu kuona uzuri pale. Wanawake waliokota vibunzi vilivyobaki, wakavifuta matope kwa kanga. Dungu lilikuwa limeangushwa. Rajabu alikuwa amekaa juu ya nguzo zake, debe magotini, na wenzake walisema alilipiga mpaka likatoboka. Nilisimama mbele yake. Alitazama miguu yangu, kisha akageukia mtoni.

Miezi ile kijiji kilikula unga wa njano wa msaada, na mimi nikaitwa askari wa Mzungu. Nikipita kisimani foleni ilinyamaza. Bi Tausi aliporudi nilimweleza yote, akaniambia nikoroge uji, basi. Kisha siku moja akaja baba mdogo wa Rajabu, mzee mpole aliyewahi kula kwetu mara nyingi, na kikapu cha ukindu mkononi. Tukamwamkia. Bi Tausi akanyoosha mikono kumtua kikapu, na yule mzee akakirudisha nyuma kidogo, akaketi nacho, akakipakata magotini. "Acha tu, mama," akasema. "Sikai." Katika nyumba ile hapajawahi kukaa mtu na mzigo wake mapajani. Bi Tausi aliteremsha mikono taratibu, na nikaona ameshaelewa kabla mzee hajafungua kinywa. Mzee alisema kwa adabu, kwa mzunguko, kwamba kijana ana mawazo, kwamba mambo ya harusi tuyaweke kando. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, kiganja kwenye ukuta wa udongo, nasikiliza maisha yangu yakiwekwa kando. Nililia kwa siku nyingi, tena kwa sauti. Sikuwa mtu wa kulia kimya.

Mzee Magnusi na mkewe walirudi kiangazi kilipoanza, yeye amekonda, anatembea na fimbo. Kipuri nacho kikaja. Siku ya kuondoka kwao Koplo Petro alishuka kwenye treni ya Kilosa, akaja moja kwa moja kwenye lori, akatoa kiberiti mfukoni na kumkabidhi mzee. Mzee akakifungua kuhakikisha. Hamkuwa na njiti. Kulikuwa na kitu chembamba cha chuma, urefu wa kidole, kinang'aa kwa mafuta.

"Ni nini hicho?" nikauliza.

"Msumari wa bunduki," Koplo akasema. "Unakaa ndani kabisa, ndio unaogonga risasi. Usipokuwemo, kwa nje huwezi kujua, ila ukifyatua inalia ta, basi. Tunduma waliutoa kabla hawajafunga, mzee akawa anausafirisha kando. Mimi nikautunza Kilosa ghalani. Ulidhani ningeiacha bunduki nzima chini ya kitanda cha Bi Tausi?"

Nilishika ngazi ya lile lori. Vikombe ndani vilikuwa vinayumba, maana injini ilishawashwa. Kisha nikaenda chumbani, nikapiga magoti, nikautoa mzigo nyuma ya gunia, lakiri nzima, nyekundu kama siku ya kwanza, nikaubeba hadi barabarani na kumrudishia mwenyewe mkononi. Alikuwa ameshasimuliwa habari za shamba. Akainamisha kichwa, na Bibi Karini akanishika uso kwa mikono yake yenye harufu ya mkate. Walinipa kikombe kimoja kutoka kwenye ndoano. Ninacho mpaka leo, mkono wake umevunjika. Lori likaingia kwenye lami, likawa dogo, na sikusikia tena habari zao.

"Umwambie Rajabu," Bi Tausi alisema tukirudi ndani.

Sikumwambia. Alikuwa ameshahamia Kidete kwa wajomba zake, kulima pembezoni mwa mto Mkondoa, na tulisikia ameposa huko. Ningemfuata na habari ya msumari, ningeonekana naomba nirudishwe. Nilikuwa na maringo, na maringo yale ndiyo yaliyonisimamisha wima mwaka ule. Nisingekuwa nayo sijui ningeshika nini. Mwisho wa mwaka nilikwenda Dar es Salaam. Nimeolewa, nimezaa, nimefiwa na mume mwema. Na katika yote hayo, mara kwa mara, nikiwa nimeshika sufuria jioni, nimekuwa nikilisikia lile debe.

Binti alifika jikoni na kuku wake. Rajabu bado alikuwa amesimama barazani, mvuke unapanda nyuma yake. Kikapu begani kilikuwa na mahindi mabichi, yamo kwenye maganda yake.

"Nimetoka Kidete," akasema. "Habari nilipata jana. Bi Tausi hakuniacha hata siku moja bila salamu."

"Rajabu," nikasema, "ile bunduki ilikuwa haina msumari wa ndani."

"Nini?"

"Walitoa mpakani. Risasi zilikuwemo, kila kitu kilikuwemo, ila risasi isingetoka. Niliambiwa siku wale wageni wanaondoka, nawe umeshakwenda."

Alitazama upande wa stesheni, lakini macho hayakuwa stesheni. Nilimwona anashuka lile shamba, anapita katikati ya mahindi yaliyosimama, jua linazama, Sefu na madebe nyuma, na yeye anasogea kama alivyoelekezwa.

"Nilikuwa nisimame mbele," akasema.

"Najua."

"Karibu kabisa."

"Najua, Rajabu."

Alibaki vile mpaka mtu wa ndani akaita kuuliza nani yuko mlangoni. Kisha akakishusha kikapu begani, kwa mikono miwili, akakisogeza mbele yangu.

"Nipokee," akasema.

Nikampokea. Kilikuwa kizito, nikakipeleka ndani.